Jina la Wengine Halitakujazia Vyumba

Wenye nyumba za wageni, maduka ya vifaa vya ujenzi na mawakala wa usafiri wa Mtwara na Lindi wanauziwa kitu kipya siku hizi: domeni ya zamani. Mfanyabiashara haambiwi atengeneze tovuti nzuri, wala hapigiwi picha za vyumba vyake. Anaambiwa anunue jina la tovuti ambalo mwenyewe wa kwanza aliliacha bila kulilipia, alielekeze kwenye biashara yake, na Google itampandisha juu kwa sababu jina hilo "lina nguvu".

Mama mmoja mwenye nyumba ya wageni Shangani, hapa Mtwara mjini, alinipa simu yake nisome ofa aliyotumiwa WhatsApp. "Shikamoo mama yangu. Tunakuunganishia domeni yenye umri na linki za nje ya nchi, miezi mitatu upo ukurasa wa kwanza. Malipo nusu kwanza." Chini yake kulikuwa na majina ya kuchagua. Nililitafuta mojawapo kwenye hifadhi ya Internet Archive, inayotunza sura za kale za tovuti. Lilikuwa jina la mradi wa afya ya mama na mtoto. Kulikuwa na picha ya wanawake wamekaa kwenye mikeka chini ya mwembe, mzani wa kupimia watoto umening'inizwa kwenye tawi, na chini ya picha nembo za wafadhili zimepangwa mstari mmoja. Hiyo ndiyo "domeni yenye nguvu" aliyokuwa anauziwa.

Mama akaniuliza swali la mfanyabiashara, na ni haki yake: "Sasa mwanangu, inafanya kazi au haifanyi?" Makala hii ni jibu langu kwake, refu kuliko lile nililompa pale mapokezi. Inafanya kazi kwa baadhi ya watu, kwa muda. Yeye si mmoja wao. Na hata angekuwa mmoja wao, bado ningemsihi asinunue.

Nguvu yenyewe inatoka wapi? Mwaka 1998 Larry Page na Sergey Brin, wakiwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford, walieleza njia ya kupanga kurasa za intaneti kwa kuangalia nani anamtaja nani. Ukurasa uliowekewa viungo na kurasa nyingi, hasa zile ambazo zenyewe zinatajwa sana, unahesabiwa kuwa na uzito. Njia hiyo waliiita PageRank, na Google ikajengwa juu yake. Leo Google inatazama mambo mengi zaidi na haitangazi inavyoyapima, lakini kiungo kutoka kwa mtu anayeheshimika bado ni ushahidi. Kuna mtu, kwa hiari yake, aliona ukurasa wako unafaa kuonyeshwa wengine.

Ila kiungo hakimfuati mtu. Kinafuata jina. Chuo cha Ulaya kilichoweka kiungo cha mradi wa Newala mwaka 2011 hakirudi kuangalia kama mradi ule bado upo. Ukurasa umebaki pale, kiungo kimebaki pale, na jina likibadilisha mikono kiungo kinaendelea kumpigia debe yeyote aliyelishika.

Majina hubadilisha mikono kirahisi kwa sababu hakuna anayelimiliki jina la tovuti milele. Unalilipia mwaka hadi mwaka, au kwa mkupuo usiozidi miaka 10. Kwa majina yanayoishia .com, .org na mengine ya aina hiyo, taratibu zinasimamiwa na ICANN, taasisi iliyoundwa Marekani mwaka 1998. Msajili, yaani kampuni inayouza majina hayo, anatakiwa kumkumbusha mwenye jina kwa barua pepe kama mwezi mmoja kabla ya muda kwisha, kisha kama wiki moja kabla, halafu tena ndani ya siku 5 baada ya kwisha. Kutoka hapo anaweza kukaa na jina hadi siku 45. Akilifuta, kuna siku 30 za kulikomboa kwa malipo ya ziada, kisha siku 5 za mwisho ambazo halikomboleki tena, ndipo linarudi sokoni. Kwa hesabu ya juu kabisa ni siku 80. Ila wasajili wengi hawangoji zote ziishe: jina likionekana lina soko, hupelekwa mnadani katika zile siku za mwanzo. Na yale yanayofika mwisho wa safari yanaviziwa na programu zinazotuma maombi mfululizo ili kuyadaka sekunde ileile yanapoachiwa.

Sasa jiulize vile vikumbusho vinamfikia nani. Kwa mashirika mengi ya huku kwetu, jina lilisajiliwa na kijana wa kompyuta aliyekuwa kwenye mkataba, kwa barua pepe yake binafsi, na likalipiwa kwa kadi ya mkurugenzi ambaye alishahamia Dodoma. Kijana ameondoka, kadi imekwisha muda. Wakati mwingine hali ni mbaya zaidi: barua pepe ya usajili inatumia jina lilelile linalodaiwa, kwa hiyo jina likizimwa, barua pepe nayo inazimika, na kikumbusho cha mwisho hakifiki popote. Usifikiri ni uzembe wa wadogo tu. Desemba 1999 Microsoft yenyewe ilisahau kulilipia jina la passport.com, watumiaji wa Hotmail wakashindwa kufungua barua zao, na aliyelilipia dola 35 alikuwa mtengeneza programu mmoja asiye mfanyakazi wao, aliyetaka tu kusoma barua. Microsoft ilibahatika kukutana na mtu mwema. Mradi wa kliniki ya mkoba hauna bahati hiyo, kwa sababu anayeusubiri ni programu ya kudaka majina.

Kusini tuna majina mengi ya namna hiyo kwa sababu miradi hutujia kwa mawimbi. Gesi ya Mnazi Bay iligunduliwa mwaka 1982, ya Songosongo mwaka 1974. Lakini joto lenyewe lilipanda baada ya ugunduzi wa kina kirefu cha bahari kuanzia mwaka 2010. Mtwara ikajaa ofisi: kampuni za huduma, vyuo vya mafunzo ya muda mfupi, asasi za kutetea haki za wananchi kwenye rasilimali, hoteli zilizojengwa zikitazamia wataalamu kutoka nje. Bomba la kwenda Dar es Salaam likakamilika mwaka 2015, mradi wa kusindika gesi kule Likong'o, Lindi, ukazidi kucheleweshwa, na ofisi zikafungwa moja baada ya nyingine. Kabla na baada ya gesi kulikuwa na miradi ya maji, malaria, elimu ya wasichana, uhifadhi wa bahari tangu Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma ilipoanzishwa mwaka 2000. Kila mradi ulikuwa na tovuti, mara nyingi kwa Kiingereza, yenye nembo za wageni, ikitajwa na balozi, vyuo na mashirika ya kimataifa. Fedha za mradi zina mwisho. Viungo vyake havina.

Fikiria tovuti ndogo ya wanakijiji inayoeleza Tendaguru, kilima cha Lindi ambako Wajerumani walichimba mifupa ya dinosaria kati ya mwaka 1909 na 1913 na kuisafirisha Berlin, ambako hadi leo imesimamishwa makumbusho. Tovuti ya aina hiyo ingetajwa na walimu, makumbusho na watafiti wa dunia nzima, kwa sababu habari yenyewe ni kubwa na wanaoisimulia wakiwa palepale ni wachache. Ada yake ya mwaka haifiki shilingi elfu hamsini. Ikikosekana kwa mwaka mmoja tu, uzito wote ule unaweza kuwa mali ya mtu anayetangaza kamari, ambaye hajui Lindi iko upande gani wa Afrika.

Narudi kwa swali la mama. Nisingekuwa mkweli kama ningemwambia mbinu hii ni uongo mtupu. The Hairpin ilikuwa tovuti ya Marekani iliyojulikana kwa maandishi ya wanawake. Ilifungwa mwaka 2018. Januari 2024 jarida la Wired likaandika kwamba jina lake limenunuliwa na mtu mwingine na kujazwa makala zilizotungwa na akili unde (AI). Baadhi ya makala za zamani zilizokuwa na wasomaji wengi zilibakizwa, ila majina ya wanawake walioziandika yaliondolewa na kuwekwa majina ya kiume. Soma tena sentensi hiyo. Kuazima jina la tovuti hakukutosha, hata jasho la waandishi likaandikwa majina ya watu wengine. Na mtu hafanyi kazi yote hiyo kama hakuna kinachomrudia. Mei mwaka huohuo zilivuja nyaraka za ndani za Google kuhusu utafutaji, na kampuni ikakiri kuwa ni zake huku ikionya zisitafsiriwe vibaya. Ndani yake kulikuwa na kipimo cha mamlaka ya tovuti nzima, jambo ambalo watu wa SEO, kazi ya kupandisha tovuti kwenye matokeo ya utafutaji, walikuwa wakilibishania kwa miaka. Kwa hiyo kijana aliyemtumia mama ule ujumbe hakuota.

Lakini hakumwambia kilichotokea Machi 2024. Google ilitoa sera mpya dhidi ya takataka za mtandaoni, na moja kati ya mambo matatu iliyoyataja wazi ni hili la kununua majina yaliyokwisha muda kwa lengo la kupanda kwenye matokeo. Mifano iliyoitoa haiachi shaka: kamari kwenye jina lililokuwa la shule ya msingi, bidhaa za tiba za kibiashara kwenye jina lililokuwa la shirika la hisani la afya, makala za kutangaza bidhaa ili kupata kamisheni kwenye jina lililokuwa la idara ya serikali. Mradi wa mama na mtoto uliogeuzwa kuwa mlango wa nyumba ya wageni unakaa jirani kabisa na mifano hiyo. Tovuti inayokiuka sera inaweza kushushwa au kuondolewa kabisa kwenye matokeo.

Je, sera hiyo imeikomesha biashara? Hapana. Julai mwaka uleule ilifufuka TUAW, tovuti ya habari za Apple iliyofungwa mwaka 2015, ikiwa na maandishi ya akili unde yaliyobandikwa majina ya waandishi wake wa zamani ambao hawakuwa na habari. Wanaofanya kazi hii wanaijua sera na wanaendelea. Sababu yao ndiyo inayonifanya nimwambie mama kwamba hesabu yake na yao haziwezi kulingana.

Mfanyabiashara wa majina yaliyoachwa ananunua mengi kwa pamoja. Anajua baadhi yatashuka baada ya wiki chache, mengine yatadumu mwaka, na ameshapiga hesabu kwamba yale yatakayodumu yatalipia yaliyokufa. Likishuka moja, analiacha na kuchukua jingine, hakuna anayemjua kwa jina. Mama wa Shangani ana jina moja. Limeandikwa kwenye bango la barabarani, kwenye kitabu cha risiti, kwenye leseni, na limo midomoni mwa madereva wa bodaboda wanaompelekea wageni usiku. Likiondolewa kwenye matokeo, hana la pili la kushika. Amebeba hatari yote ya mchezo, huku aliyemuuzia akiwa na nusu ya malipo mfukoni tangu siku ya kwanza.

Kuna jambo dogo la kiufundi ambalo wauzaji hawalitaji. Google ikimwadhibu mtu baada ya ukaguzi wa kibinadamu, taarifa hutumwa kwenye akaunti ya Search Console ya tovuti hiyo, huduma ambayo Google huitumia kuwasiliana na wenye tovuti. Akaunti hiyo kwa kawaida iko mikononi mwa fundi, si mwenye biashara. Mama anaweza kukaa miezi bila kujua kwamba aliadhibiwa, akidhani msimu ni mbaya, akiendelea kumlipa fundi huyohuyo ili "aongeze nguvu".

Huku kwetu hatuhitaji maelezo marefu kulielewa jambo hili, maana tumeishi na kangomba. Mkulima mwenye shida anaziuza korosho zake nje ya AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, kwa kipimo cha bakuli na bei ya kutupa, na mnunuzi asiye na hata mkorosho mmoja anazifikisha ghalani kana kwamba ni mavuno yake. Mwaka 2018, serikali ilipoamua kununua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo na jeshi likaingia kuzisomba, ulifuata uhakiki: mwenye korosho aonyeshe shamba. Walengwa walikuwa kangomba. Waliosubiri fedha zao, hata hivyo, walikuwa ni pamoja na wakulima halali wa Tandahimba na Newala ambao mashamba yao wanayajua majirani wote. Anayenunua domeni ya mradi uliokufa ili apande Google ni kangomba wa imani. Shamba hana, ila ghalani anafika na gunia. Na injini ya utafutaji nayo, ikishajua kwamba magunia mengi si ya wenyewe, inaleta uhakiki unaompiga kila mtu. Septemba 2023 Google ilifanya mabadiliko makubwa ya kuchuja maudhui, na wenye tovuti ndogo walioandika kazi zao kwa mikono yao wakalalamika kwamba wasomaji wao wamepotea pamoja na wa matapeli. Kila jina linaloibiwa hadhi linaipa mashine sababu ya kuwa na wasiwasi na mgeni anayefuata, na mgeni anayefuata anaweza kuwa kijana wa Nachingwea aliyeanzisha tovuti ya kweli juzi.

Lililo muhimu zaidi kwa wafanyabiashara wa mikoa hii miwili ni kwamba mbinu hii inatibu ugonjwa ambao hawana. Ilizaliwa kwenye ushindani wa Kiingereza wa kamari, mikopo, bima na dawa za kupunguza unene, ambako maelfu ya kurasa zinagombea neno moja na kila moja ina fedha nyuma yake. Nani anagombea "gesti nzuri Masasi yenye maegesho ya lori"? Nani ameandika kwa Kiswahili, kwa ukamilifu, jinsi ya kufika Daraja la Umoja pale Mtambaswala, saa ngapi panafungwa, unabadilisha wapi fedha ya Msumbiji? Nani ameeleza kivuko cha Msangamkuu kinavyofanya kazi, au mtu akishuka Kilwa Masoko anapataje kibali na boti ya kwenda kwenye magofu ya Kilwa Kisiwani, ambayo ni Urithi wa Dunia tangu mwaka 1981? Tafuta maswali haya jioni moja ukiwa umetulia. Utakutana na kurasa za Kiingereza zilizoandikwa na wapita njia, majibu ya miaka mingi iliyopita, na mabaki ya mitandao ya kijamii. Mahali palipo patupu hivyo, ukurasa mmoja wa kweli, wenye bei ya mwaka huu, unaingia juu bila kuazima jina la marehemu.

Tena mgeni wa nyumba ya wageni mara nyingi hafiki hata kwenye tovuti. Dereva wa lori la korosho anapofika Mtwara usiku anaandika "lodge karibu", na kinachomtokea kwanza ni ramani. Google imeeleza hadharani kwamba matokeo ya ramani yanatokana na mambo matatu: biashara inaendana vipi na kilichotafutwa, iko umbali gani na mtafutaji, na inajulikana kiasi gani, yakiwemo maoni ya wateja. Wasifu wa biashara kwenye ramani haulipiwi. Niliufungua wa yule mama tukiwa palepale mapokezi. Alama ilikuwa imewekwa mtaa wa pili, karibu na ukuta wa shule. Namba ya simu ilikuwa ya laini aliyoiacha. Picha pekee ilikuwa ya mgeni fulani aliyepiga sahani ya pweza na wali wa nazi, nzuri, lakini haionyeshi hata kitanda. Saa za kazi ziliandikwa kwamba anafunga saa kumi na moja jioni. Nyumba ya wageni inayofungwa saa kumi na moja! Fedha aliyotaka kuilipia domeni ya wengine ingetosha kumlipa mpiga picha wa mtaani na kubakiza. Kusogeza alama, kubadilisha namba na saa hakuhitaji hata shilingi moja. Tulivibadilisha kwa simu yake mwenyewe, na picha za vyumba akasema atampa mwanawe kazi hiyo.

Hapo nimezungumzia faida na hasara ya mnunuzi. Kuna upande mwingine unaoniuma zaidi, nao ni wa watu waliokuwa wanalitumia jina kabla halijauzwa. Kalenda za miradi hukaa ukutani kwenye zahanati za vijijini miaka mingi baada ya mradi kuondoka, kwa sababu picha zake ni nzuri na hakuna nyingine ya kuziba nafasi. Chini ya kalenda kuna anwani ya tovuti. Binti wa miaka 16 mwenye swali ambalo hawezi kumuuliza mama yake wala muuguzi ambaye ni shangazi yake anaiandika anwani ile kwenye simu. Anatarajia wale wanawake wa chini ya mwembe. Akikuta ukurasa wa kubeti, au tangazo la dawa za kuongeza maumbile, atajifunza kwamba hata zahanati inadanganya, na hatamwambia mtu kwa nini hakurudi.

Na jina halibebi tovuti peke yake. Linabeba barua pepe. Anayelishika anaweza kufungua anwani zote zilizowahi kutumika chini yake na kusubiri zinazoingia. Mwaka 2018 mtafiti wa usalama wa Australia, Gabor Szathmari, alisajili upya majina yaliyoachwa na ofisi za mawakili zilizoungana au kufungwa, akaanza kupokea barua za siri za wateja bila kuvunja nywila yoyote. Sasa weka hapo mradi wa VVU, au chama cha ushirika chenye majina, namba za simu na akaunti za benki za wakulima. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde. Sioni ni vipi shirika litasema limezilinda kama limeuacha mlango wa barua pepe uchukuliwe mnadani.

Sisemi kila jina la zamani ni haramu. Ukinunua hoteli pamoja na jina lake, tovuti yake ni sehemu ya ulichonunua. Asasi mpya ikirithi kazi ya iliyofungwa, kwa makubaliano, ikaendelea kuwahudumia walewale, viungo vya zamani vinaelekea mahali vilipokusudiwa. Google yenyewe inasema kutumia jina la zamani kwa tovuti mpya yenye manufaa kwa watu si kosa. Kipimo changu ni chepesi: yule aliyeweka kiungo mwaka 2011, akibonyeza leo, atakuta alichokuwa anataka watu wakione? Kama atakuta kitu kingine kabisa, basi ametumiwa bila ridhaa yake, na aliyebonyeza amedanganywa.

Halmashauri zetu hatari hii haiziandami sana, kwa kuwa majina ya go.tz ni ya taasisi za serikali na mpita njia hawezi kuyachukua. Walio wazi ni asasi, vyama vya ushirika, shule binafsi, zahanati za misheni, vikundi vya wachongaji wa Kimakonde waliotengenezewa tovuti na mfadhili aliyerudi kwao. Kwa hao nina maombi machache. Jina lisajiliwe kwa jina la taasisi, si la fundi. Barua pepe ya usajili iwe nje ya jina lenyewe, na ifunguliwe na watu wawili walau. Malipo yafanywe kwa miaka mingi kwa pamoja; miaka 10 ya jina la .com kwa bei za kawaida haifiki nusu milioni, fedha ambayo semina ya siku moja hotelini huimaliza kwa chai na bahasha. Kama kazi imekwisha na fedha haipo, bakiza ukurasa mmoja unaosema mradi ulifanya nini, ulimalizika lini, na mwenye shida sasa aende wapi. Zima barua pepe zote kwa utaratibu, uondoe akaunti za benki na mitandao zilizofunguliwa kwazo kabla jina halijafika mwisho wake.

Mradi unapofungwa Lindi au Mtwara kuna siku ya makabidhiano. Pikipiki, jenereta, kompyuta, viti na mizani huandikwa kwenye orodha, mwenyekiti wa kijiji anatia sahihi, mwakilishi wa mfadhili anatia sahihi, picha inapigwa. Jina la tovuti sijawahi kuliona kwenye orodha hizo. Wafadhili waliingize kwenye mkataba tangu mwanzo, na siku hiyo ikifika likabidhiwe pamoja na nywila, anwani ya usajili, risiti ya miaka iliyolipiwa na jina la mtu atakayelilipia mwaka wa 11.